Uchunguzi wa Kahawa ya Matone

Jumatatu, 3 Februari 2025

Baraza yangu tupu tena. Dele la kahawa limejaa, kashata zimepangwa, na Mkunazini nzima inapita ikinipa salamu za haraka. Salamu za haraka ni za mtu mwenye jambo. Wote wanakwenda mkahawa wa Kivietnamu uliofunguliwa kichochoroni nyuma yangu. Hata Mwalim, rafiki yangu tangu chuoni! Eti kahawa ya kule hudondoka tone moja moja kwenye gilasi, na watu wanaisubiri wakicheka. Mimi nikichelewa kusuuza kikombe, wananung'unika. Humo mna kitu kimetiwa.

Jumanne, 4 Februari

Mwenye mkahawa, Bi Lan, kaleta bakuli nyumbani. Supu ya tambi na nyama ya ng'ombe, kotmiri na ndimu juu. Mke wangu Tabia kasema huo ni ujirani mwema. Nikamwambia ni chambo. Nimeionja kwa uchunguzi tu. Ina mdalasini na karafuu. Karafuu zetu! Nani kamwambia? Uchunguzi ulipokwisha, Tabia akakuta bakuli jeupe, halina hata tone. Kanuna. Kisha kanikumbusha kuwa hatuwezi kumrudishia jirani chombo kitupu. Vyema. Nitakijaza kashata zangu, wateja wake wakumbuke walichokiacha.

Jumatano, 5 Februari

Mambo yameharibika. Wateja wamezitafuna kashata zangu kwa kahawa yake, na wamesifu. Bi Lan kaomba nimpelekee kila siku, atanunua. Nimekataa. Leo kashata, kesho baraza. Jioni bakuli limerudi, limejaa tena. Safari hii Tabia amekula kwanza.

Alhamisi, 6 Februari

Nimekwenda kupeleleza mwenyewe. Kofia hadi kwenye nyusi, miwani ya jua. Mwalim akaniita kwa jina kabla sijavuka mlango. Nikaagiza kahawa. Nzito, ya barafu, maziwa matamu ya kopo chini. Nikafumba macho. Nikaagiza ya pili ili kuthibitisha. Nzuri, na hilo limeniudhi kuliko yote.

Nikamwuliza Mwalim kwa nini kanihama. Alikoroga gilasi yake kwanza.

"Kahawa yako nnaipenda, Haroub. Lakini kila nkikaa wewe waniuliza nnatoka wapi, nlikuwa na nani, mbona nnacheka. Huku nnapumzika."

Nimeumia. Nimeondoka bila kuaga.

Jumamosi, 8 Februari

Nimeyatafakari maneno ya Mwalim tangu juzi. Yamenyooka mno. Yule si mtu wa maneno mengi. Kafundishwa.

Leo asubuhi kaja barazani mwenyewe, kakaa mahali pake, kaomba kikombe. Nilifurahi hata nikamjazia kikombe hadi ukingoni. Nilitaka kumwambia kwamba baraza haina raha bila yeye. Nikamwuliza kama Bi Lan ndiye aliyemtuma.

Akakiweka kikombe chini taratibu, akaenda zake. Kahawa imebaki nusu.

Mtu asiye na la kuficha humaliza kahawa yake.