Helmeti Yangu ya Kabla ya Matanga

Leo kichwa changu kimeniaibisha mbele ya watu thelathini na mbuzi mmoja.

Wacha niwaeleze polepole. Nikiharakisha nitaruka yale mabaya, na sitaki kudanganya.

Mnajua wiki iliyopita tulimzika mzee wangu kule Sirisia. Asanteni kwa pole zenu. Siku ya tatu baada ya mazishi tulinyolewa, watoto wake wote, kama ilivyo desturi yetu. Wembe ulipita hadi kichwa kikang'aa. Wanaonijua wanakumbuka nywele zangu zilivyokuwa. Nyingi, ngumu, zimesimama kama nyasi ambazo ng'ombe wamezikataa. (Mzee alizichukia miaka yote. Hatimaye ameshinda.)

Leo asubuhi ndiyo nimerudi kazini. Tunajenga ghala la mahindi hapa Kachibora. Zamani nilikuwa nabeba mawe. Mwaka juzi wakanipa kazi ya usalama: kukagua ngazi, jukwaa, viatu vya gambuti na helmeti, na kuandika daftari la ajali. Shule niliachia darasa la nane, lakini mwandiko wangu unasomeka na siandiki uongo. Nadhani ndiyo sababu walinichagua.

Langoni kuna ubao mweusi umeandikwa SIKU BILA AJALI. Sheria ni moja. Damu ikitoka, hiyo ni ajali, tunarudi sifuri. Damu isipotoka, hiyo ni nusura, inaandikwa tu na maisha yanaendelea. Asubuhi nilikuta ubao unasema tisini na tisa. Jioni ikifika salama ningeandika mia, na kampuni iliahidi tukifika mia inatuchinjia mbuzi. Mbuzi mwenyewe alikuwa amefungwa hapo hapo chini ya ubao. Anakula majani. Hana habari.

Lakini mawazo yangu hayakuwa kwa mbuzi. Injinia Chebet alikuwa anakuja kutoka Kitale kukagua kazi. Mwezi ujao kampuni inaanza kujenga nyumba za kupangisha Kanduyi, na inatafuta mtu wa usalama; injinia ndiye anayechagua. Kanduyi! Kutoka pale jioni naweza kufika Sirisia na kulala nyumbani. Mama amebaki peke yake kwa ile nyumba. Juzi nilipoondoka alinisindikiza hadi barabarani bila kusema neno, na mama si mtu wa kunyamaza. Niliitaka ile kazi sana.

Basi saa moja na nusu nikawakusanya watu kwa mafunzo ya asubuhi. Somo la leo? Helmeti. (Subirini.) Nikapita kwa mmoja mmoja nikitingisha helmeti kichwani. Nikafika kwa Kemboi, yule wa mashine ya kuchanganya konkriti, ambaye mdomo wake hauna lango.

"Kemboi, hii imelegea. Kaza hapo nyuma."

"Imekaa sawa, mwalimu."

"Helmeti isiyokaza," nikawaambia wote kwa sauti, "ni sufuria tu umejifunika!"

Nikakagua zote. Yangu je? Yangu naijua, bana. Niliikaza siku ile ya kwanza, juu ya zile nywele, na sikuigusa tena.

Jamani. Nywele ziko Sirisia.

Niliisikia ikicheza kidogo. Nikafikiri ni huzuni. Kweli! Nilijiambia mtu akifiwa huenda kichwa huwa chepesi, itapita.

Saa mbili tukaanza kumwaga sakafu ya varanda. Fundi Barasa, mzee wetu wa mwiko, akapiga magoti akaisawazisha kwa upole mpaka ikatulia kama uji uliopoa. Saa tano injinia akafika. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana kwa msiba, Simiyu."

"Asante, injinia."

"Haya, nionyeshe hatari za leo."

Nikamwonyesha jukwaa. Nikamwonyesha nyaya za umeme. Maneno yalikuwa yanatoka vizuri, hata mimi nilijishangaa. Tulipofika kando ya varanda nikaona msumari umesimama kwenye ubao, ncha juu. Moyo ukaruka kwa furaha. (Ni mtu wa usalama tu anayeweza kufurahia msumari.)

"Kwa mfano huu hapa, injinia. Mtu asipoangalia chini..."

Nikainama ili niangalie chini.

Helmeti ikashuka. Haikuanguka, ilishuka kama mtu anayejua anakoenda. Ikapita paji la uso, ikapita macho, ikapumzika juu ya pua. Giza totoro, saa tano mchana! Sasa, kila siku nafundisha: usipoona, simama pale pale. Mimi nikarudi nyuma hatua moja. Ya pili ikakanyaga kitu laini.

Pwaa!

Nikakaa. Nilikaa katikati ya sakafu ya Barasa kama mtoto ndani ya karai la kuogea.

Halafu kimya. Hapo ndipo nilipoumia. Siku nyingine Kemboi angekuwa chini ameshika mbavu. Lakini leo mimi ni mfiwa, na mfiwa hachekwi. Nikasukuma helmeti juu nikawaona, watu thelathini wameuma midomo, mabega yanatetemeka. Mmoja alikuwa amegeukia ukuta kama anaomba. Barasa akaja na mwiko mkononi. Akaangalia konkriti. Akaniangalia mimi.

"Pore, ndugu yangu," akasema kwa lafudhi yake. "Pore sana." Sauti ilikuwa inakatika. (Sijui kilikuwa kicheko ama kilio. Ile sakafu aliipenda.)

Wakaniinua. Nyuma yangu makalio mawili yalibaki yamechapwa kwenye konkriti, safi kabisa, kama muhuri wa chifu.

Ndipo nikaona kiwiko. Nilikuwa nimekikwaruza kwenye ubao wa ukingoni. Mstari mmoja mfupi. Mwekundu.

Kemboi naye aliuona. Akanivuta kando.

"Hiyo si damu. Hiyo ni kutu."

"Ni damu, Kemboi."

"Basi ulikuja nayo kutoka matangani."

"Inatoka sasa hivi. Angalia."

"Simiyu, si kwanza uangalie mbuzi?"

Nikamwangalia mbuzi. Mbuzi akaniangalia.

"Andika nusura," Barasa akanong'ona. "Hakuna mtu ameona." Na kweli, watu thelathini walikuwa wameshakubaliana hapo hapo kwamba hawakuona. Injinia alikuwa hatua tatu kutoka kwetu, anasoma simu yake kwa bidii sana.

Niseme ukweli, nilijaribiwa. Nusura ni neno fupi, haliumi mtu, na upande wake wa pili kulikuwa na Kanduyi na mama. Lakini mwaka jana niliandika kidole cha Kemboi, na kilitoa damu kidogo kuliko hii. Alininunia wiki mbili. Ningemwambia nini?

Nikachukua daftari. Kwa saiti yetu aliyeumia anajaza, kisha mtu wa usalama anawasomea wote. Leo wote wawili ni mimi. Nikasimama mbele yao, suruali imeanza kukauka na kukaza.

"Jina la aliyeumia: Simiyu. Jina la anayeripoti: Simiyu. Chanzo cha ajali..." Nikajipapasa upara. "Kichwa kimepungua."

Mtu akakohoa.

"Kifaa kilichohusika: helmeti. Kilikaguliwa asubuhi? Hapana. Nani alipaswa kukikagua? Simiyu. Hasara: sakafu ya varanda. Hatua za kuzuia isijirudie: helmeti ikazwe, ama nywele zimee."

Kemboi akapasuka. Wakafuata wote. Barasa alikalia ndoo akipangusa machozi na mkono wenye simiti. Hata injinia aligeuka, lakini niliona mgongo wake ukitetemeka. Nikaenda kwa ubao, nikafuta tisini na tisa, nikaandika sifuri kubwa. Mbuzi akaendelea kula.

Injinia akanifuata pale.

"Ungeandika nusura ningesaini tu."

"Najua."

"Niko na saiti moja ubao unasema siku mia tatu. Kila nikipita pale naona watu wana bandeji." Akatikisa kichwa. "Kanduyi unaanza mwezi ujao. Na ukaze hiyo helmeti, tafadhali."

Nilimpigia mama nikiwa nimesimama, kwa sababu kukaa hakukuwezekana. Nikamweleza yote kama nilivyowaeleza nyinyi.

"Yaani ulikaa?" akauliza.

"Nilikaa."

"Ndani ya simiti?"

"Ndani kabisa."

Akacheka. Akacheka hadi akakohoa, akaweka simu chini, nikamsikia akimwita jirani aje asikie. Tangu tumzike mzee sikuwa nimesikia ile sauti.

Kwa hivyo ninawaomba, msinicheke. Mama ameshacheka kwa niaba ya nyinyi wote.