Jino la Marehemu

Jumatatu, 3 Machi
Wamenipokonya ukurasa wa kwanza! Miaka kumi na tisa nimeupanga mimi. Leo mhariri mkuu kampa yule binti mgeni niliyembatiza Bi Nafasi Nyeupe, maana kila ukurasa anauacha nusu mtupu na kuuita wa kisasa. Mimi nimepewa tanzia. Wafu! Eti kule panahitaji mtu mzima. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Nyumbani nikamwambia mke wangu nimepandishwa cheo. Akauliza mbona basi nabamiza milango.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata dawa yao. Nitazipamba tanzia mpaka watu waanze kusoma gazeti kutoka nyuma! Imeletwa picha ya fundi saa mstaafu. Imefifia. Mvi zimetimka, kovu shavuni, pengo mbele. Uso kama huo uniharibie ukurasa? Kovu nikalifuta. Nywele nikazitoa kwa mchezaji wa ukurasa wa michezo. Jino nikaliazima kwenye tangazo la dawa ya meno. Marehemu kama bwana harusi! Msahihishaji, mzee wa kalamu nyekundu, akauliza kama familia imeridhia. Nikamwambia ashughulike na mikato yake.

Jumatano, 5 Machi
Limetoka. Ukurasa unameremeta. Bi Nafasi Nyeupe akapita mezani kwangu, akasema nimefanya kazi nzuri. Wivu mtupu!

Alhamisi, 6 Machi
Mjane kaja ofisini na shemeji yake. Shemeji akafoka. Mafundi wenzake marehemu walimjua kwa jina la utani tu, Pengo. Jana waliiona tanzia, uso hawakuutambua, wakaendelea na kazi zao. Akazikwa bila hata mmoja wao. Mjane hakupaza sauti. Akaweka gazeti mezani, akaniuliza, "Mwanangu, huyu uliyemweka hapa ni nani?"
Nikaanza kueleza habari za mwanga na rangi. Yeye akaliziba lile jino kwa kidole gumba, akatazama, akaondoa kidole, akaziba tena. Alikuwa anamtafuta mumewe. Kisha nikapandwa na hasira. Kwa nini walileta picha mbovu?

Ijumaa, 7 Machi
Tumeomba radhi ukurasa wa kwanza. Kaupanga nani? Bi Nafasi Nyeupe! Picha ileile ya awali, ndogo, katikati ya weupe mtupu. Kovu, mvi, pengo, vyote. Nilitaka kucheka, nikajikuta namtazama marehemu machoni. Nikalikunja gazeti kwa nguvu hadi likachanika. Mchana shemeji akapiga simu: mafundi wamejaa nyumbani kwa mjane, mikeka haitoshi. Shukrani zote kwa binti! Mimi nikapewa barua ya onyo la mwisho.

Jumatatu, 10 Machi
Nimehamishiwa hali ya hewa. Msahihishaji kasema huku angalau hakuna wa kumuudhi. Akacheka peke yake. Wataalamu wameleta utabiri wa kesho: mvua kubwa kila mji, mafuriko mabondeni. Mawingu kumi na moja, yote ya kijivu! Ramani imenuna kama mama mkwe. Haya ndiyo mambo yanayoua magazeti. Nimeondoa mawingu saba, nikaweka majua, mviringo safi, rangi ya dhahabu.
Bi Nafasi Nyeupe ataufungua ukurasa huu kesho na ashindwe hata kumeza mate.