Nusu Saa ya Maryport

Jumanne, 23 Julai. Croydon

Orodha imetoka. Kila mwaka Shirika la utangazaji, linaloishi kwa leseni tunazolipa sisi watazamaji, linalazimika kusema watangazaji wake wakubwa wanalipwa kiasi gani, na kila mwaka gazeti linafika kwenye kibanda chetu cha chai pale saiti ya ujenzi likiwa na alama za vidole vya kila mtu. Yupo bwana mmoja anayekaa kwenye kiti na kutueleza mpira ambao tumekwisha kuuona wenyewe. Anachopata kwa mwaka ningekipata mimi kama ningeanza kubeba zege siku zile Warumi walipokuwa wakijenga ukuta wao kule kwetu. Nimeisoma mara mbili. Mgongo ukaanza kuuma upya.

Nikamtafuta Glenda Hesketh. Hayumo. Glenda anasoma habari za kwetu kaskazini, saa kumi na mbili u nusu jioni, tangu nilipokuwa na nywele. Analitamka jina la mji wetu mdogo wa Aspatria kama mtu aliyenyonyeshwa pale. Hayumo hata mkiani mwa orodha. Uchungu! Kana kwamba ni dada yangu.

Nikapanda juu ya ndoo ya plasta nikatangaza: Wilf Relph halipi tena leseni ya televisheni. Jasho langu haliendi kwa bwana wa kiti. Watu wakapiga makofi. Trevor Pugh hakupiga. Trevor ni mwashi kutoka Wales, tunapanga nyumba moja, ukuta mmoja kati ya chumba chake na changu, kila mtu na mkataba wake na leseni yake. Yeye leseni benki inamkatia kila mwezi, na analitaja jambo hilo kama watu wanavyotaja kuokoka. Akauliza kama na kutazama pia nimeacha. Nikamwambia kutazama ni jambo jingine.

Kwa sababu nusu saa ile siwezi kuiacha. Nilikuja huku kusini kwa msimu mmoja wa baridi, machimbo ya kwetu yalipofungwa. Msimu huo haujaisha bado. Mke wangu Edna yuko kwetu Maryport, kwenye kochi letu, upande wa dirisha. Mimi niko Croydon, kitandani. Lakini king'amuzi changu, ukienda kwenye namba za juu kabisa ambako watu hawafiki, kinatoa habari za kwetu badala ya za London. Basi saa kumi na mbili u nusu yeye anamtazama Glenda, nami namtazama Glenda. Hatuongei. Simu hutushinda sote wawili, tunaishia kuulizana hali ya hewa. Ila nusu saa ile tuko kochi moja.

Jioni nimempigia, nikamwagiza naye afute leseni, tupigane bega kwa bega. Akasema kama nimeamua, sawa. Mwanamke wa dhahabu.

Ijumaa, 26 Julai

Barua kutoka kwa watu wa leseni. Maandishi mekundu. Trevor ndiye aliyeiokota chini ya mlango, na badala ya kunipa kimyakimya akaileta jikoni, akaiegemeza kwenye chupa ya siki ili kila mpangaji aione anapokula chipsi.

Akaniambia, mzee Wilf, kuna gari linapita mitaani lenye mashine ya kunusa televisheni. Nikacheka. Baadaye sikucheka. Nikaenda dukani, nikanunua foili ya kufungia kuku, nikabandika dirisha lote. Chumba sasa kinafanana na ndani ya pakiti ya krispi za viazi. Joto lake ni la tanuri. Nimekaa na chupi tu, nikimtazama Glenda.

Alitangaza kwamba barabara ya kwenda Aspatria imefungwa, ng'ombe wamelala katikati na hawataki kushauriwa. Nilicheka peke yangu. Nikajua na Edna anacheka. Yeye hucheka kwa pua.

Jumapili, 28 Julai

Simu ya Edna. Nikamuuliza kama aliona ile mvua aliyoitabiri Glenda. Akasema mvua aliiona sana, ilimkuta na nguo zote kwenye kamba. Nikamwambia Glenda alikwisha kuonya. Akasema, ndiyo, inawezekana.

Anazeeka, maskini. Anasahau.

Jumatano, 31 Julai

Nimefanya jambo la akili kupita kiasi. Nilikaa nikafikiri: dirisha nimelifunika, lakini dishi liko nje ukutani linachekelea kila gari linalopita. Nikapanda ngazi ya saiti, nikalifunga dishi lote kwa foili, tabaka juu ya tabaka. Likang'aa kama kikombe cha ubingwa.

Saa kumi na mbili u nusu: hakuna picha. Hakuna Glenda. Maandishi tu yanayosema hakuna mawimbi. Nikapanda tena ngazi. Foili nilikuwa nimeigundisha kwa gundi ya vigae. Haibanduki kwa kucha.

Ikanibidi kugonga kwa Trevor. Nilimwomba kwa adabu, nikamwita ndugu yangu. Akasema angenitazamisha kwa furaha, ila saa hiyohiyo kuna habari za Wales, na yeye hajawahi kuzikosa. Nikaona macho yake. Kumbe naye ana mtu wake huko Bangor, kwenye kochi lake. Tulitazama habari za Wales. Kondoo wengi. Jina la kila mji linataka mate. Trevor aliitikia kila jina kwa kichwa, polepole, kama mtu anayesalimiwa.

Baadaye palikuwa na mjadala, mbunge mmoja na mama mmoja mwenye miwani, juu ya mustakabali wa leseni. Mmoja anataka ifutwe, kila mtu anunue anachokitaka. Mwingine anataka itoke kwenye kodi. Mtazamaji mmoja akapiga simu akasema wacha waweke matangazo ya biashara. Nikasema bora kila mtu anunue anachokitaka, mimi ningenunua Glenda tu.

Trevor akasema, "Na wewe na Edna mtatosha kumlipa Glenda? Watu wakigoma, we mzee, hawaanzi kumkata bwana wa kiti. Huyo ana wakili. Wanaanza na yule anayetaja ng'ombe wa Aspatria."

Nikamjibu kwamba yeye ni mwashi, ajenge. Lakini nililala vibaya.

Ijumaa, 2 Agosti

Foili imetoka, kwa patasi. Picha imerudi, ina chenga kidogo.

Nimepata dawa ya mambo yote. Nimeliandikia Shirika. Nimewaambia mimi Wilfred Relph nipo tayari kusoma habari za kaskazini kwa ujira wa kibarua, chai na mkate najitegemea, ili fedha itakayobaki aongezewe Glenda. Sauti yangu ni nzito, haikatiki hata karibu na mashine ya zege. Suti ninayo, ya mazishi.

Alhamisi, 8 Agosti

Shirika limejibu: wanathamini maoni yangu. Basi.

Na leo ndiyo siku ya aibu. Niandike haraka kabla sijaanza kuibadilisha.

Mvua kubwa tangu mchana, saiti ikafungwa mapema. Saa kumi na mbili u nusu nimekaa, Glenda ameanza, hodi ikagongwa. Nikafungua. Kijana mwembamba, koti limelowa hadi mifukoni, kitambulisho shingoni. Akasema anaitwa Desmond, mkaguzi wa leseni za televisheni. Akasema, kama sheria inavyomtaka, kwamba silazimiki kumruhusu kuingia.

Hili kila mtu wa nchi hii analijua. Watoto wa shule wanalijua. Mkaguzi ukimfungia mlango hana la kufanya, anarudi alikotoka. Nililijua vizuri kuliko wote.

Lakini kwetu mtu hasimami kizingitini mvua ikinyesha. Awe mdai, awe mhubiri, awe polisi amekuja kumchukua mjomba wako, kwanza anakaa, birika linawekwa, ndipo mnagombana. Mama yangu alitulea hivyo kwa mkono na kwa kijiko cha mbao. Nikamwambia Desmond aache upuuzi, analowa, aingie.

Nikampa taulo. Nikampa chai, sukari mbili. Nikampa mkate wa tangawizi ambao Edna alinitumia. Akauliza kwa upole, "Na hii ndiyo televisheni yako, mzee wangu?" Na hapo Glenda alikuwa anaonyesha bandari ya Maryport! Bandari yenyewe, na ukuta ambao mimi na Edna tulikuwa tukikaa kula samaki kwenye gazeti. Nikaongeza sauti. Nikamsogeza Desmond aone vizuri. Nikamwonyesha kwa kidole nyumba yetu ilipo, nyuma ya kanisa, haionekani lakini ipo. Nikamwambia natazama kila siku, sijakosa hata moja ila zile za foili.

Alimaliza chai yake yote kwanza. Ana malezi. Kisha akatoa kalamu.

Alipokuwa akiandika nikamuuliza mtu wa namna yangu afanyeje. Akasema nilipe tu, kama watu wengine. Au kama nyumbani kwangu Maryport kuna leseni, basi hata huku naweza kutazama kwa televisheni ya betri, mradi isichomekwe ukutani. Hiyo ni sheria, akasema, ingawa hajawahi kumwona mtu anayejisumbua hivyo. Akaniambia pia nitarajie barua ya mahakama. Nikamfungia kipande cha mkate wa tangawizi kwenye foili. Foili ninayo nyingi.

Trevor alisikia yote ukutani. Akaja akasimama mlangoni.

"Ulimkaribisha," akasema. "Ulimkaribisha mwenyewe."

Nikamwambia alikuwa amelowa. Hakunicheka. Hilo liliniuma zaidi.

Jumapili, 11 Agosti

Nimemweleza Edna. Nilianza kwa mbali, kwa mvua. Nilipofika kwenye mkate wa tangawizi akacheka kwa pua, nikapata nguvu. Nikamwambia lililonifariji ni kuona bandari yetu, na kujua kwamba saa ileile naye anaiona.

Nikasikia akiweka kikombe chini.

"Wilf," akasema, "mimi sikuiona. Uliniambia nifute leseni, nikafuta. Mtu akifuta hatazami."

Nikamwambia mimi nilifuta na nikatazama. Akasema hilo analijua sasa, lakini yeye hakulelewa hivyo. Televisheni ameifunika kitambaa, ameweka jeranio juu yake, na ua limependa pale. Nikamuuliza saa kumi na mbili u nusu huwa anafanya nini. Akasema anamenya viazi, anasikiliza redio. Redio haitaki leseni.

Kwa hiyo tangu nilipopanda juu ya ile ndoo nilikuwa kochini peke yangu. Wale ng'ombe nilicheka nao peke yangu. Bandari niliitazama na mkaguzi.

Edna ndiye aliyeendelea.

"Kochi lipo palepale," akasema. "Upande wako nimeufua. Na treni zipo, Wilf, zinakuja hadi huku."

Nikasema ndiyo, nasikia treni zimekuwa ghali. Akasema ndiyo, na mvua inakuja. Tukaagana.

Alhamisi, 15 Agosti

Neno la Edna juu ya kochi limenizunguka kichwani wiki nzima, nikisukuma toroli. Mwanamke hasemi jambo kama hilo bure. Leo, katikati ya mzigo wa kokoto, nikaelewa anachotaka.

Anataka televisheni.

Nimempigia papo hapo. Nimemwambia alipe leseni pale Maryport, aondoe jeranio, nami nitatazama huku chini ya leseni hiyohiyo, kama kifaranga chini ya bawa, kwa betri, kwa sheria kamili. Tutamtazama Glenda tena, sote wawili, na bwana wa kiti atapata nusu tu ya alichokuwa akipata kwetu. Akasema kama nimeamua, sawa.

Nimenunua televisheni ndogo kwa jamaa wa saiti, ile ya watu wa mahema. King'amuzi nacho kimekubali betri. Ilibaki betri yenyewe.

Jioni Trevor alinijia jikoni. Kesho alfajiri anaendesha gari kwenda kwao Bangor, mkewe anamngoja. Akasema anapita Crewe, na Crewe treni za kaskazini zinasimama, anaweza kunishusha, mafuta juu yake. Akasema, "Mchana ungekuwa umeshakaa na Edna, mzee Wilf." Mtu mwema, Trevor, ingawa haelewi mambo. Nikamshukuru. Nikamweleza kwamba sina haja, nimeshapata ufumbuzi.

Saa kumi na mbili u nusu kila kitu kilikuwa tayari. Glenda akatokea, mdogo kama stempu, lakini ni yeye. Nikasogea kitandani nikaacha nafasi upande wa dirisha. Akasoma habari ya mnada wa kondoo. Akasema mawingu yanatoka baharini, Maryport itapata mvua kwanza. Nikamwambia Edna aanue nguo. Hapo picha ikaanza kusinyaa, ikawa nukta, ikazima. Betri imechoka, ni ya zamani, gari nililoitoa lenyewe kuukuu.

Nitairudisha kwenye gari la Trevor asubuhi, nikiwahi kuamka kabla yake. Simwelewi yule bwana. Barabara yote ile, mvua yote hii, ili tu akae kwenye kochi.