Ombi la Kusajiliwa Kuwa Mashine

Kwako Meneja wetu,

Shikamoo. Natumai u mzima na mgongo umepoa. Mimi ni yule wa chumba cha kufulia, mnayeniita Mama Cheka, napiga pasi pale dirishani. Shule sikukaa sana, kwa hiyo nikikosa adabu mahali, ni kalamu, si moyo. Nakuandikia kuilalamikia mashine ya kufulia.

Kwanza. Wageni wanaolala hapa wakisifu shuka, wewe huwaambia kwamba ile mashine ni hodari. Ni kweli, ila tangu mvua zianze haijazunguka. Tunafua kwa mikono, mimi na dada wa zamu, na yeye mashine tumemfunika asirukiwe na povu. Simwonei wivu. Lakini hata mke mwenza hupewa zamu yake.

Pili. Mashine ikikohoa, fundi huitwa mbio, akaipapasa tumbo kwa upole kujua inaumwa wapi. Mimi nilikohoa wiki nzima, nikaambiwa nisikoholee foronya.

Tatu. Dada wa zamu alipokuuliza mbona hutusifu, ulimjibu kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Meneja wangu, sisi kazi yetu ndiyo maji. Tusipoyatia, tumefua nini?

Nne, na hili ndilo linaloniliza. Mwanangu analelewa na mama mkwe. Kila nikirudi huniuliza kama leo kazini wamesema lolote la kunisifu. Nikisema hakuna, huguna. Sasa amefunga mzigo wake, anasema mwisho wa mwezi anarudi kwake, hawezi kulea mjukuu ili mimi nikachezee maji kwa watu wasiojua kama nipo. Akiondoka, mtoto hana wa kumshika, na mimi kazi ndiyo basi.

Kwa hiyo naomba nisajiliwe kuwa mashine ya pili. Sitaki makubwa. Nibandikwe namba ubavuni, nipanguswe kwa kitambaa laini kila Ijumaa, na wageni wakisifu shuka, uninyooshee kidole. Umeme sili. Kunguruma nitanguruma, mume wangu anasema usiku najitahidi sana. Na kama sheria hairuhusu, basi niambie asante, moja tu, lakini uitamke kwa sauti ya kufika nyumbani kwangu.

Nisalimie mama watoto, mpishi, mlinzi wa getini, na mashine yenyewe. Mwambie hatuna ugomvi.

Ni mimi mtiifu wako, mikono ikiwa bado na povu,

Mama Cheka

Nyongeza: Meneja, huko juu usisome. Barua ilikuwa mfukoni mwa aproni, nakusubiri nikupe, ukapita na wageni, ukasimama mbele yangu ukawaambia kwamba shuka hizi ni kazi ya huyu mama na hana mfano. Basi nikakutazama ukishuka ngazi mpaka ukapotea. Pasi sikuinua. Foronya imeungua, na shuka iliyokuwa chini yake, na kitambaa cha meza nacho kimebabuka. Foronya nimempelekea mama mkwe, nikamweleza ilivyotokea. Alichungulia kwenye lile tundu, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akaanza kufungua mzigo wake. Anabaki! Kwa hiyo ombi nimelifuta. Ila siku nyingine ukitaka kunisifu, tafadhali piga hodi kwanza, niweke pasi chini.