Mbio za Kumfikia Mzee Beisen

Ijumaa, 7 Juni

Nilikuwa nimefikia wapi? Ah, Kulpash. Basi, kama nilivyokuwa nasema kabla maziwa hayajafurika jikoni, nimemwambia. Nilitaka tu kuiona sura yake! Imemshuka kama hema lililong'olewa nguzo.

Habari yenyewe: mke wa Serikbol kajifungua mvulana leo asubuhi, hapa hapa mjini kwetu Ölgii, kwenye wodi ninayofagia mimi. Nimemsikia mtoto akilia kabla baba yake hajamsikia! Na babu yake, Mzee Beisen, yuko ng'ambo ya mpaka, upande wa Urusi, huko malishoni juu simu isikoshika. Wajukuu wake wote wa kike. Ameapa mbele ya watu: atakayemfikishia wa kwanza habari ya mjukuu wa kiume anaondoka na farasi wake jike wa kijivu, pamoja na mtoto wa farasi huyo. Ndiyo suyinshi hiyo, zawadi ya mleta habari njema. Wengine hutoa kitambaa cha kichwa. Yeye farasi!

Kulpash, jirani yangu, anao farasi wawili wa kukamua. Kila kiangazi ananiletea maziwa yaliyochacha, nusu kikombe, kakishika kama anampa mgonjwa dawa. Eti kunywa shoga yangu, usione haya. Haya ya nini! Mwaka huu nitampelekea mimi. Robo!

Kesho alfajiri naondoka. Kulpash anasema magoti yanamuuma, haendi popote. Masikini.

Jumamosi, 8 Juni

Lori la kondoo hadi mpakani. Bure, ila nanuka.

Getini kijana wa jeshi, vifungo mpaka kooni, kaniambia mama, hapa hapapitwi kwa miguu, lazima uwe ndani ya gari. Nikamwambia miguu hii ilikuwa inatembea kabla mama yako hajaolewa. Hakucheka. Watu wa mpakani kicheko wanakiacha nyumbani.

Madereva nao wanataka hela ya kiti. Hela, kwa kukaa! Mmoja kasema kwa bei yangu atanifunga juu ya paa na tairi la akiba.

Halafu nikawaona wangu. Mtaliano anaitwa Tullio, na mkewe, ndani ya kigari chekundu kama kiatu cha mtoto. Wamekatiza nusu ya dunia na hawajanunua hata sabuni. Sufuria wanaisugua kwa mchanga. Kifuko cha chai wakishachemsha wanakianika kwenye kioo cha gari, wakitumie kesho. Nilidhani mimi ndiye bahili. Hawa wangenifundisha! Nikawapa vidonge vya maziwa makavu, vigumu kama kokoto. Tullio akauma kimoja, akashika shavu. Urafiki umeanza. Wamenipa nafasi nyuma, kati ya hema na kikaango.

Geti likafungwa, watu wanakula. Likafunguliwa. Karatasi ya gari la Tullio haina muhuri. Muhuri ukatafutwa, ukapatikana, geti likafungwa tena. Na kesho Jumapili hakuna kazi! Farasi wangu yuko ng'ambo, mimi nalala na kikaango.

Jumapili, 9 Juni

Nani kashuka kwenye gari la mpwa wake, kitambaa kipya kichwani, magoti mazima kabisa? Kulpash. Eti anakwenda kununua unga. Unga! Kana kwamba Ölgii nzima haina unga!

Tumekaa siku nzima kwenye kibanda cha chai, kila mtu na kona yake, kila mmoja anachungulia geti kwa jicho la pembeni. Hakuniandalia hata kipande cha mkate. Kamlisha mpwa, kajilisha mwenyewe, kafunga mfuko.

Dereva mmoja wa lori, Erkebulan, wa huko huko ng'ambo, alikuja kunywa chai mezani kwangu. Mtu wa maana, kanilipia. Kaniuliza shangazi, mtu mzima kama wewe unalala mpakani kuna nini? Nikasema siri. Nikamwuliza tu kama anamfahamu Mzee Beisen. Akasema nani asiyemfahamu, mzee wa watu, nyumba yake ndiyo inaishia hivyo, hana hata mjukuu wa kiume wa kushika kamba ya ndama.

Sasa mtu atavumilia maneno kama hayo? Nikamwambia inaishia wapi, mvulana kazaliwa Ijumaa, sauti yake unaisikia mpaka barabarani! Akasema we shangazi, kweli? Nikasema kweli tupu, ila usimwambie mtu. Kaapa kwa mkate. Kijana mwenye adabu sana. Kaaga mapema, kasema anataka kuliweka lori lake mbele ya foleni.

Mama wa chai naye kaapa.

Jumatatu, 10 Juni

Geti wazi! Lori la Erkebulan la kwanza, kanipungia mkono. Sisi wa mwisho.

Kati ya geti la huku na geti la kule ni mlima mtupu. Kigari kikafika nusu, kikakohoa, kikakaa. Tullio akafungua mbele, akatazama kama anatazama kisima. Mkewe akatoa ramani. Ramani ya nini, barabara ni moja! Nikashuka nikasukuma mimi. Kulpash akatupita, kajaa kwenye kiti cha mbele kama waziri. Akafungua kioo kusudi nimwone akicheka.

Lakini kule kwa Warusi, nani kasimamishwa pembeni? Kulpash! Kaficha nyama ya farasi chini ya viti, mbwa kainusa! Wanang'oa viti kimoja kimoja. Nikampa pole kwa sauti, watu wote wasikie.

Hakuna tena aliye mbele yangu!

Jumanne, 11 Juni

Tullio kanishusha njia panda. Mlima wote kwa miguu. Nikaliona hema la Mzee Beisen, nikaanza kupiga kelele tangu mtoni. Suyinshi! Suyinshi!

Mzee akatoka anacheka. Mama Zeinegul, karibu! Umechelewa. Farasi wa kijivu kaondoka jana jioni kwenye lori la Erkebulan, na mtoto wa farasi anachungulia.

Mwizi! Kaapa kwa mkate, mbwa yule! Watu siku hizi hawawezi kutunza siri hata usiku mmoja.

Nimepewa mkate, malai, na kitambaa cha kichwa. Kulpash kafika baadaye, hana nyama, kapewa kitambaa kama changu. Angalau chake kina doa.

Lakini sikiliza. Mke wa mzee kaninong'oneza kando, mimi peke yangu: binti yao mdogo kakubali kuolewa na yule kijana wa muuza nyama wa Ölgii. Mama wa kijana anasubiri jibu tangu majira ya baridi, atampa ng'ombe atakayempelekea jibu hilo. Ng'ombe! Sijamwambia mtu. Tullio kwa ishara tu, alipotufikia na mkewe kwa miguu, na yule hahesabiki.

Kulpash anaita huko nje. Zeinegul, panda, gari linaondoka, na mbona unacheka peke yako? Ataniuliza njia nzima, namjua. Nitamwambia nusu tu, jina la binti silitaji, labda la baba ya— haya, nakuja!