Nilivyojitoa Kwenye Kundi la Wataalamu wa Pumzi

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimejitoa rasmi kwenye kundi la simu la wataalamu wa tiba ya upumuaji. Hospitali tisa, watu sitini na wanne, na hakuna hata mmoja aliyenipendekeza kuwa mwenyekiti! Wamempendekeza tena yule wa hospitali ya ng'ambo ya mto. Tunamwita Mapafu, maana anaweza kuongea dakika nane bila kuvuta pumzi. Mimi nina miaka kumi na minne kwenye kazi hii. Nusu ya hao nimewafundisha kufunga barakoa ya oksijeni.

Nimeandika waraka wa kuaga. Aya saba. Neno "usaliti" mara mbili. Kisha nikatoka, nikakaa na simu mkononi kusubiri kubembelezwa.

Hadi jioni, kimya. Mwenzangu wa zamu, dada mpole ambaye bado yumo kundini, amenihakikishia kwamba waraka umepokelewa vizuri. Nikambana. Umepata kidole gumba kimoja, na mtu mmoja aliyeuliza kama mkutano wa Jumamosi utakuwa na chai.

Jumanne, 4 Machi

Nimeanzisha kundi langu. Jukwaa Kuu la Wataalamu wa Pumzi. Mwenyekiti: mimi. Katibu: mimi, kwa muda. Wanachama: mke wangu, shemeji yangu fundi wa kuchomelea vyuma, mwenzangu wa zamu, na mama wa dobi wa hospitali, ambaye nilimwingiza kwa kukosea namba.

Nikatuma mada ya kwanza, kuhusu mazoezi ya kifua. Shemeji akauliza kwa nini anakoroma. Mke wangu akasema nikirudi nipitie sabuni. Mama wa dobi akataka kujua ni nani anayeiba mashuka ya kijani, na akaongeza kwamba anamjua.

Saa sita mwenzangu akajitoa. Amesema kidole kiliteleza. Nikamrudisha. Kikateleza tena.

Jumatano, 5 Machi

Siku mbaya. Kitanda cha nne kuna mama mmoja, mshonaji mstaafu, siku ya kumi na mbili kwenye mashine ya kupumulia. Nimonia imeshapona. Yuko macho, ana mpira kooni, hawezi kusema, anaandika kwenye kidaftari. Lakini kila tukijaribu kumwachisha mashine, kioo cha mashine kinaonyesha pumzi thelathini na sita kwa dakika, nasi tunaahirisha. Daktari amesema tukishindwa hadi Ijumaa, itabidi atobolewe koo.

Binti yake huniuliza kila asubuhi kama leo ndiyo siku. Leo nimepitia mlango wa nyuma nisikutane naye.

Mama mwenyewe ameniandikia: "Nimechoka. Na wewe umechoka?"

Nikapeleka suala hili kwenye Jukwaa Kuu. Shemeji ameshauri tuzime mashine halafu tuiwashe. Mke wangu amesema: si uwaulize wenzako wale sitini na wanne? Nimemjibu kwamba mwanamume hayarudii matapishi yake. Akaniuliza sabuni iko wapi.

Alhamisi, 6 Machi

Sijarudi kundini. Aliyeingia ni Mgeni wa Mbali, mwenye laini mpya na picha ya mlima. Kwamba simu yake ni yangu, hilo ni jambo la kiufundi.

Walimpokea kwa dakika mbili! Mimi wakati ule nilisubiri wiki. Mgeni akaeleza habari za kitanda cha nne. Watu wanne wa hospitali nne wakajibu kabla sijamaliza kuvaa glavu. Halafu Mapafu akatuma ujumbe wa sauti, dakika nane na nusu. Nikausikiliza wote kwenye stoo ya mablanketi, nimeuma meno.

"Ndugu mgeni, karibu sana," akasema. "Kabla ya yote, funika kile kioo kwa taulo. Mtazame mgonjwa kifuani, uhesabu kwa macho yako mwenyewe. Mashine nayo hudanganyika."

Nikafunika. Nikahesabu. Kumi na nane! Nikahesabu tena. Kumi na nane. Nikaufuata mpira kwa mkono mpaka chini ya kitanda, na pale ulipopinda maji ya mvuke yalikuwa yamejaa ndani yake, yakicheza huku na huko, na kila yakicheza mashine inadhani mama amevuta pumzi.

Maji! Siku tatu nimeyapita nikitunga katiba ya Jukwaa Kuu. Nikayamwaga. Nilishindwa kumtazama yule mama usoni.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi tukajaribu tena. Nusu saa, shwari. Saa nzima, shwari. Saa tano daktari akaafiki, nikautoa mpira kwa mkono wangu. Mama akakohoa, akanitazama kutoka juu hadi chini, na kwa sauti ya kukwaruza akasema neno lake la kwanza baada ya siku kumi na nne:

"Nani aliyekushonea suruali hiyo?"

Binti yake akaniangukia begani akalia. Mimi sikulia. Chumba kile kina vumbi. Akanishukuru, nikazipokea shukrani zote, pamoja na zile za Mapafu.

Jumamosi, 8 Machi

Mkutano. Nilikwenda kama mtazamaji huru. Mapafu akachaguliwa kwa mikono yote. Kisha akasimama kumsifu Mgeni wa Mbali: swali lake litaingia kwenye mafunzo ya hospitali zote tisa, na kama yumo ukumbini, tafadhali asimame tumpigie makofi.

Makofi yakaanza. Miguu yangu ikasimama kabla sijaiuliza.

"Kumbe ni wewe!" Mapafu akasema. "Sasa laini mpya ya nini, na uko kundini siku zote?"

Hakujua kuwa nilitoka. Aya saba! Ukumbi ulicheka mpaka mtu mmoja akahitaji kukalishwa chini, na bahati nzuri mahali penyewe palikuwa na wataalamu wa pumzi. Mapafu akanikumbatia, akasema mtu mwenye moyo wa kuuliza hafai kukaa bila wadhifa. Kuanzia mkutano ujao, mimi ndiye msimamizi wa viti. Kuvipanga na kuvikunja.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu anaamini nimepata funzo. Nimekubali kwa unyenyekevu.

Nimefikiri sana kuhusu viti. Anayepanga viti ndiye anayeamua nani aonekane. Nimechora ukumbi mzima nyuma ya karatasi ya mtihani wa hesabu wa darasa la tano analofundisha mke wangu. Mapafu: nyuma ya nguzo. Mimi: mbele, katikati, kwenye kile kimoja chenye mikono. Wale wa hospitali ya Mapafu karibu na mlango wa choo.

Mke wangu ameuliza naandika nini kwa bidii hivi. Nimemwambia ni barua ya kumshukuru Mapafu. Ameguswa. Amenitengenezea chai, na ameuliza Mapafu ni mnene kiasi gani, ili nijue kama nguzo inatosha kumficha.