Uzinduzi wa Kumbukumbu Iliyotengwa, Mtinko

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe baada ya mgeni rasmi kupata dharura. Waheshimiwa madiwani, mapadri, masheikh, wazee wetu shikamooni. Watendaji wa vijiji, wakulima wa alizeti, wafugaji mlioacha ng'ombe kwenye mashamba ya watu, mabibi na mabwana: Mtinko hoyeee! (Hoye moja, ya mbali.)

Mimi Urbano, Mwenyekiti wa Kamati ya Mkakati Jumuishi wa Kidijitali, nasimama kifua mbele kutoa mrejesho wa utekelezaji, ambao hadi asubuhi ya leo umefikia asilimia mia moja na nne. (Makofi.) Tulidhamiria zahanati yetu ipate kompyuta yenye prosesa, ule ubongo wake, mpya kabisa, mpya kiasi kwamba hata kerneli, yaani ile programu kuu inayoziamuru nyingine zote, ilikuwa haijaitambua, ndipo kwa maono yangu nikamwita mhandisi Redempta kutoka mjini aje aiandae kerneli hiyo kuipokea.

Binti akaniambia, "Mwenyekiti, nimesoma maelezo ya prosesa hiyo. Kuna sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta ambayo prosesa inaitumia yenyewe. Lazima tuitenge. Kerneli ikiigawa kwa programu nyingine, mashine inazima palepale."

Nikamwuliza, "Ya prosesa umetenga. Ya viongozi je?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Nikaelekeza itengwe ya mwenyekiti, ya katibu, ya kamati ya ulinzi, na akiba kidogo kwa wageni wa ghafla.

"Sasa kerneli itabaki na nini, baba?"

"Itabaki na uzalendo." (Makofi. Mtu anakohoa.)

Redempta akafunga begi lake, akapanda bodaboda machozi yakimlengalenga, nami kwa uzoefu wangu nikatambua kuwa ni machozi ya furaha.

(Nesi Stumai wa zahanati anasimama: "Na kompyuta yetu ya zamani mliyoichukua? Rekodi zote za chanjo zimo humo! Mama anakuja na mtoto, sijui nimchanje nini!")

Kaa chini, mama. Ile tuliiondoa kuipisha mpya, na sasa ipo katika hatua ya tathmini nyumbani kwangu, ambako wajukuu wanaitathmini kila jioni kwa michezo mbalimbali. (Minong'ono. Nesi Stumai hakai. Kina mama wenye watoto mgongoni wanasimama naye.)

Naona mnasimama kwa heshima, basi nihitimishe. Kumbukumbu! (Kimya.) Itengwe! (Kimya.) Kerneli! (Mbuzi analia.)

Kwa namna ya pekee namshukuru mtengenezaji wa prosesa yetu, aliyeniahidi kwa simu kwamba siku akipata kiwanda, ya kwanza kutengenezwa italetwa Mtinko. Asanteni sana kwa kunisiki... Nesi! Nesi Stumai! Jamani, hiyo njia inakwenda kwangu!